Gia ya Kushukia Senjele

"Mjomba, gari la spidi haliwezi kuwa manuali. Manuali ni za malori."

Mpwa wangu aliyasema hayo pale Sogea, ameegemea Subaru yake, ufunguo ukizunguka kidoleni. Kijana ana leseni daraja D na anajua bei ya rimu za kila saizi. Lakini amekulia Tunduma hii ambako karibu kila gari dogo linalovuka kwenda Nakonde, Zambia, lina pedali mbili, kwa hiyo kwake klachi ni mambo ya kina utingo. Nikamwitikia, "Haya, mjomba," nikaenda zangu. Hasira ilinipanda nilipokuwa nimeshafika nyumbani.

Sisi tulilijua gari la spidi redioni kabla ya kuliona. Wakati wa mashindano ya Safari Rally watu walikusanyika kwenye redio ya mbao, na jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la dereva Shekhar Mehta. Mwaka 1982 alishinda kwa mara ya nne mfululizo, ya tano ukihesabu ile ya 1973, na zote alishinda akiwa na Datsun. Yote ni gia za mkono. Mtoto aliyecheza rali kwenye vumbi la Tunduma alikanyaga klachi ya hewa kwa mguu wa kushoto na kupiga mdomo: mmm, kisha kimya kidogo, kisha mmm nyingine. Kile kimya kidogo ndicho kilikuwa gia. Watoto wa siku hizi wakiigiza gari wanatoa mlio mmoja mrefu usiokatika. Sikilizeni mkipita mitaani.

Gari la kwanza la spidi nililolikalia mwenyewe lilikuwa Celica ya mnunuzi mmoja wa kahawa, Vwawa. Alinituma nikaijaze mafuta, nami nikazunguka njia ndefu kuliko iliyohitajika. Wakati huo bado tulikuwa watu wa Mkoa wa Mbeya; Songwe ulikuja kuwa mkoa mwaka 2016. Kwa hiyo tuseme tu ilikuwa Mbozi, asubuhi ya baridi, kahawa imeiva, na leva fupi ilikuwa ikitetemeka kiganjani.

Lakini aliyenifundisha gia hakuwa dereva, wala hakuwa na gari. Alikuwa Mkinga mfupi aliyekuwa na duka la klachi upande wa kulia ukitoka Mpemba, kabla hujafika kastamu. Duka halikuwa na kibao. Sahani za klachi zilitundikwa kwenye misumari, za Leyland na Fiat juu kwa kuwa ni nzito na hazichezewi, za Datsun na Toyota chini ambako mkono wa mteja unafika. Mpya zilikuwa chache. Nyingi alizitengeneza mwenyewe: anavua vipande vilivyoliwa, anapiga vipya kwa ribiti za shaba, anaizungusha sahani mbele ya uso kuona kama imepinda. Vumbi alilipuliza kwa mdomo. Zamani hizo vipande vya klachi vilikuwa na asbesto, nasi tuliokaa kwenye benchi lake tulilivuta vumbi lile pamoja naye, tukinywa chai.

Ukimpelekea sahani iliyokufa, haikaguliwi kwa macho kwanza. Inanuswa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeniletea klachi au umeniletea majivu?"

Harufu ya klachi iliyoungua sijaipata mahali pengine popote. Ni kali, ina uchungu kidogo, inakaa kwenye nguo mpaka zifuliwe mara mbili. Mzee yule aliisoma. Sahani iliyoliwa sawasawa pande zote, alisema, ni ya dereva mwenye adabu, irudishiwe vipande tu. Iliyochomeka ghafla wakati vipande vyake bado vinene, huyo alikwama matopeni akalazimisha. Iliyoisha mapema na kung'aa kama kioo ni ya mtu anayepumzisha mguu juu ya pedali safari nzima, na huyo alimuuzia kwa bei ya juu zaidi. Nilidhani ni roho mbaya. Alinieleza kwamba mtu wa namna hiyo atarudi baada ya miezi michache kulalamika, kwa hiyo anamtoza maneno yake mapema. Chuma cha kukandamiza kikiwa na madoa ya bluu, alikataa kabisa kukirudisha kwenye gari hata ukimsihi, kwa sababu bluu maana yake moto umeshapita hapo na chuma hakiko sawa tena. Wapo waliokwenda kwa mafundi wengine wakarudishiwa kile kile kimepigwa msasa. Walirudi kwake wakiwa wanaburutwa.

Alipofariki, vijana wake walivunja rafu. Sasa hapo wanauza makava ya simu na redio za gari zenye vioo vikubwa. Siwalaumu, watoto wanasoma. Lakini nikipita hapo huwa navuka barabara.

Kanuni yake moja ndiyo iliyotulinda wengi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Anayeijua barabara hii ya Tunduma anaelewa. Kutoka Mbeya kuna mteremko wa Iwambi kabla ya Mbalizi, ukishavuka Mto Songwe kuna Senjele, na kote huko yamezikwa magari na watu. Ukishuka Senjele na gia ya pili, injini yenyewe inayashika magurudumu, breki unaigusa tu kwenye kona. Ukishuka kwa breki peke yake, zinapata moto, na ukifika chini unakanyaga pedali ambayo haina kitu. Gari la oto nalo lina njia yake, pale kwenye leva pana namba 2 na herufi L, zimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Muulize mpwa wangu amewahi kuzigusa lini. Wanaweka D Dar es Salaam, wanaitoa Tunduma.

Nisiwapake madereva wa zamani mafuta kwa mgongo wa chupa. Magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani, yalipoanza kumiminika, tulioyaleta kutoka bandarini kwenda Zambia na Kongo hatukuwa malaika. Ni zaidi ya kilomita mia tisa mpaka mpakani, tena mafuta ya kupimiwa. Gari la manuali liligombewa, na sababu haikuwa mapenzi ya gia: ukifika mteremko unatoa gia, unaliachia frii, linakwenda bure, na lita zilizobaki ni zako. Walioanguka namna hiyo nawajua. Wapo pia waliojaza abiria kwenye gari la mtu ambalo hata namba halina. Jina baya la IT tulilitafuta wenyewe.

Hata hivyo si uzembe wetu ulioondoa klachi. Iliondokea Japani, na sisi hatukuulizwa. Mwaka 1991 kule waliweka leseni ya magari ya oto pekee, yaani mtu anafundishwa, anatahiniwa na anaruhusiwa kuendesha bila kugusa klachi maishani. Kwa foleni za miji yao ni akili. Nani anataka kukanyaga klachi mara mia kabla ya kufika kazini? Wanunuzi wao wakaacha manuali, viwanda vikapunguza, na miaka kumi baadaye magari hayo hayo yakashushwa bandari ya Dar es Salaam. Mtu wa Ndola au Lubumbashi akiagiza gari, anachagua rangi na bei. Gia alishachaguliwa na mtu wa Osaka aliyelinunua jipya.

Ndiyo maana Altezza ya Toyota ilituchanganya akili. Ilitoka Japani mwaka 1998 ikasimamishwa 2005, lakini hizo ni tarehe zao. Kwetu ilizaliwa ilipozeeka kule. Dashibodi yake ina saa ndani ya saa kama ya mkononi. Ya RS200, injini ya lita mbili, ilikuwa na leva fupi ya gia sita, na nitamwandikia mpwa wangu hili kwa herufi kubwa: watengenezaji wenyewe waliitaja ya manuali kuwa na nguvu farasi 210 na ya oto 200. Injini ile ile. Kumi zote zile walimpa anayekanyaga klachi. Niliwahi kuileta moja ya bluu kutoka bandarini. Kutoka Ruaha Mbuyuni kupanda Kitonga nilishusha kutoka ya nne kwenda ya tatu, sindano ikaruka, na mwenzangu aliyekuwa nyuma na Altezza ya oto akabaki anakanyaga mafuta akisubiri gari lake liamue. Tulipofika Ilula aliniambia ya kwake ni mbovu. Ilikuwa nzima kabisa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka na sina hamu ya kuyasimulia. Ferrari iliachana na leva mwaka 2012. Lancer Evolution ikafa. Toyota ilirudisha Supra mwaka 2019 bila klachi, wateja wakapiga kelele, mwaka 2022 ikabidi waiweke. Mwaka huo huo Subaru wakatangaza kwamba WRX mpya haitapata toleo la STI la petroli. Hapa mpakani kituo cha pamoja kilifunguliwa 2019, na malori mapya yanayojipanga kutoka Mpemba nayo mengi yanajibadilishia gia yenyewe, kwa hiyo hata ile dhana ya mpwa wangu kuhusu malori inaelekea kuzeeka. Kwenye foleni ile, nakiri, oto ni rehema. Goti langu la kushoto halinidai kitu kwa magari ninayoendesha sasa.

Kinachoniudhi ni kwamba manuali imegeuka pambo la wenye pesa. Vijana wa Dar wanang'oa giaboksi ya oto kwenye Altezza nzima, wanatafuta ya leva kwenye gari lililogongwa, wanakata na kuchomelea pedali, wanalipa fedha ambayo zamani ingenunua gari. Kitu walichokikataa baba zao kwa sababu kinachosha.

Nina rafiki kule Mlowo, aliacha IT zamani, analima kahawa. Sasa simu yake inaita tu inaposhuka bandarini STI au Altezza ya leva ambayo mwenye gari hataki ifike Ndola ikinuka klachi. Juzi tulikuwa pamoja wakala alipopiga. Rafiki yangu akataja bei yake, nauli ya basi kwenda Dar juu ya mwenye gari, na kwamba usiku haendeshi. Wakala akasema kuna vijana wanachukua nusu ya hiyo.

"Basi wape," akajibu, akakata simu, akaendelea kuchambua kahawa. Robo saa haikuisha ikaita tena. Aliiacha iite mpaka ikakaribia kukatika.