KINYAGO CHA HOTELINI NA MZEE ALIYEZUIWA GETINI

Hoteli za kisasa pale Dar siku hizi zinashindana kwa mapambo. Sio marumaru na taa za kuning'inia tu. Mgeni akiingia anataka aone Afrika, basi utakuta mlango wa nakshi kutoka Zanzibar umegeuzwa meza, picha za tingatinga ukutani, na kinyago cha Kimakonde mapokezi.

Kuna dada mmoja alipata kazi mapokezi kwenye hoteli ya namna hiyo, upande wa Masaki. Siku ya kwanza tu macho yakamganda kwenye kinyago kirefu cha ujamaa, wale watu waliobebana mabegani, wamechongwa kwenye gogo moja la mpingo. Juu kabisa kuna mama, na mtoto wa mgongoni kaachwa mweupe. Ile ni sehemu ya nje ya mti, mafundi wengi huitoa yote kibaki kiini cheusi. Dada akajua. Ule ni mkono wa baba yake.

Mzee anachonga Mwenge miaka na miaka. Kinyago kile alimuuzia dalali, na hela yake ikalipa ada ya binti kidato cha tatu.

Wageni wanauliza kila siku: nani kachonga? Picha za tingatinga angalau zina sahihi ya mchoraji pembeni. Kinyago hakina hata kikaratasi. Dada anajibu kama alivyofundishwa, "Ni sanaa ya Kimakonde," anatabasamu, yameisha.

Siku alipomweleza mzee, mzee hata bei hakuuliza.

"Wamekiweka kwenye kiyoyozi?"

"Ndiyo, baba."

"Kitapasuka hicho, mwanangu. Nitakuja nikione."

Dada akamwambia aje Jumapili. Sababu hakusema, ila Jumapili meneja hayupo. Mzee naye hakudadisi.

Jumapili mzee akafika na shati lake la harusini na katambuga miguuni. Mlinzi akamzuia getini: "Mzee, mzigo unampelekea nani?" Dada alikuwa anamwona kabisa kupitia kioo. Mbele yake kuna wageni wawili wanasubiri funguo. Akainamisha kichwa, akajifanya anaandika.

Alipoinua macho, mzee bado amesimama juani, hajabishana na mtu. Kavua kofia tu, anajipangusa jasho.

Hapo dada akaacha funguo mezani, akatoka nje. "Shikamoo baba. Kaka, huyu ni baba yangu, mwache apite."

Mzee hakuangalia taa wala marumaru. Akaenda moja kwa moja kwenye kinyago, akapitisha kidole taratibu chini ya mguu wa mtu wa tatu. Ufa upo, mwembamba kama unywele. "Kisogezeni mbali na huo upepo," akasema. Mmoja wa wale wageni akauliza swali lile lile la kila siku.

"Kachonga baba yangu," dada akajibu. "Ndiye huyu hapa."

Kesho yake akaandika jina la mzee kwenye kadi, akaiweka chini ya kinyago. Meneja akaisoma, akaguna, akapita. Kadi bado ipo. Kinyago kimesogezwa karibu na dirisha.

Ila zile dakika alizojifanya anaandika, dada hajawahi kuzizungumza na baba yake. Na kioo kile, mtu wa nje naye anaona ndani.