Kazi ya Mikono Pia Inataka Mlango

Katika nyumba nilizokulia, kazi ya mikono haikuwa na chumba. Ilikuwa na mapaja. Mama alishona vitambaa vya makochi akiwa kwenye kigoda jikoni, kwenye foleni ya hospitali, kwenye mkutano wa chama huku wenzake wakihesabu pesa. Kwao Mbeere, upande wa Embu, shosho alisuka kiondo akitembea. Wanawake wa rika lake walifanya hivyo: kiondo ambacho hakijaisha kimebanwa kwapani, nyuzi za mkonge zinaning'inia, miguu inaelekea sokoni Siakago na vidole vinaendelea na shughuli zao. Ukifika sokoni umeongeza mistari kadhaa, na hakuna anayekuuliza ulikuwa ukifanya nini njiani. Ulikuwa ukitembea tu.

Ndiyo maana hakuna aliyeiita kazi. Mama akiulizwa anajishughulisha na nini, husema ana ng'ombe wawili na kahawa kidogo. Vitambaa havitaji. Na ukiingia sebuleni kwetu viko kila mahali: mgongoni mwa makochi, juu ya redio, chini ya thamosi, juu ya televisheni yenyewe.

Mimi habari za chumba maalumu cha kazi za mikono nilizisikia kupitia pesa. Niliacha chuo kikuu mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, nikarudi nyumbani Meru na laptopu yenye betri mbovu. Nikaanza kuandikia watu mtandaoni. Mteja mmoja wa ng'ambo, ambaye hadi leo sijui sura yake, alitaka makala tano kuhusu kupamba chumba cha ufundi nyumbani. Alilipa kwa neno. Nikaandika kuhusu mitungi ya vioo ya kuwekea vifungo, mbao zenye matundu za kutundikia mikasi, na jinsi ya kubadilisha kile chumba cha wageni kisichotumika. Makala moja ilimshauri msomaji aanze kwa kuondoa gari la pili kwenye gereji. Niliiandika nikiwa kitandani, laptopu juu ya sinia, bando likikaribia kuisha.

Makala zilipita, pesa zikaingia, na hayo mambo hayakunitoka kichwani. Si mitungi. Ni lile wazo kwamba mtu anayeshona anaweza kupewa kuta nne.

Kwetu ni Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, nyumba ya mbao na mabati. Nyuma kuna stoo. Ndani yake mlikuwa na jembe, gunia la chakula cha ng'ombe, baiskeli isiyo na mnyororo na harufu ya panya. Baba alikuwa na mpango nayo. Chuo Kikuu cha Methodisti kiko karibu, wanafunzi hutafuta vyumba kila muhula, na stoo ikisafishwa na kuwekewa stima ingeleta shilingi 3,000 kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa safi na sikuweza kuipinga. Alishauza ng'ombe ili nisome, nikarudi bila shahada. Sasa mtoto wa mtu mwingine angesomea palepale nyuma ya jikoni yetu na pesa zingerudi polepole.

"Mama," akaniambia, maana nimebeba jina la mamake na ndivyo huniita, "chumba kikikaa bure mabati yanaota kutu yakitafuta sababu."

Nikamwambia anipe mimi. Nitalipa kama mwanafunzi, 3,000, mpaka Desemba, na nikishindwa alete mpangaji. Akanyamaza muda mrefu. Aliyevunja kimya ni mama, ambaye alikuwa akichambua maharagwe na hakuna aliyejua anatusikiliza.

"Na mimi nitalipa ngapi?"

Basi ikawa 1,500 kwa 1,500.

Kuta zilikuwa kazi ya kwanza, kwa sababu baridi ya Julai inapita kati ya mbao kama mtu mwenye ufunguo. Rangi ya dukani ilishinda bajeti yetu. Nikakumbuka nyumba ya shosho. Kuta zake za udongo zilibandikwa magazeti kuzuia vumbi, na mengi yalikuwa Taifa Leo. Mimi kusoma Kiswahili nilijifunzia hapo, likizo za Aprili na Agosti, nimelala chali nikifuata safu za maandishi. Kurasa nyingine zilikuwa zimebandikwa juu chini, ikabidi nisome kichwa kikining'inia kitandani. Habari iliyoahidi kuendelea ukurasa wa saba ilikomea hapo, kwa sababu ukurasa wa saba uliwashia moto. Nilizoea kumalizia mwenyewe. Watu huniuliza uandishi niliusomea wapi. Jibu ni kwamba nusu ya kila habari niliikosa, nikaitunga.

Gundi ni ileile ya shosho. Unga wa ngano kwenye maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga tena mpaka iwe uji mzito. Ipake ukutani, bandika, pitisha kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Mende na panya wanaipenda gundi hii kuliko wewe unavyoipenda, kwa hiyo funga nyufa za chini kwanza kwa mabanzi. Tulibandika ukuta mmoja tu, ule wa upande wa upepo. Hizo nyingine tuliziachia mbao zake.

Rafu ni kreti za nyanya. Kila anayejua soko la Gakoromone anazijua: mbao nyembamba, misumari mirefu kuliko inavyohitajika, na kando limeandikwa jina la mtu kwa rangi nyekundu. Nilipata nane zilizolegea, shilingi 80 kila moja. Nilizipiga msasa siku mbili, nikazigongelea upya, nikazipanga mbili mbili ukutani, mdomo ukitazama nje. Moja ina nyuzi za sufu, nyingine mabaki ya vitenge ninayookota kwa mafundi cherehani mjini, nyingine madaftari yangu. Majina ya wenye kreti sikuyafuta. Sasa uzi wa bluu unakaa kwa Mwenda na sindano zinakaa kwa Kendi.

Halafu mkeka. Sakafu ni saruji, na saruji ya Kaaga asubuhi ni barafu. Chini ya kitanda cha baba kulikuwa na mfuko wa tisheti za kampeni za uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Kama wazee wengi, alikuwa amepokea za pande zote bila ubaguzi: za njano za UDA, za rangi ya chungwa za ODM, na za wagombea ubunge ambao hata wao wamejisahau. Tisheti huikati vipande. Unaanza kwenye pindo la chini na kuzunguka, mkasi usitoke, mpaka kwapani, na unabaki na utepe mmoja mrefu. Uvute kidogo, utajikunja wenyewe na kuwa kama kamba. Tisheti 14 zilitosha mkeka wa duara wa kukaa watu wawili. Mama aliufuma kwa vidole, bila sindano, akianzia katikati kama anayeanza kitako cha kiondo. Baba alipouona aliutazama kwa makini, akatafuta sura ya mtu fulani, akaikanyaga.

Taa ilitoka Mbeere. Nilipanda matatu kupitia Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu, nikaunganisha kwenda Siakago, na njia nzima unaona mlima ukikupa kisogo kidogo kidogo, migomba na chai ikipungua mpaka unafika kwenye ardhi kavu ya miiba, embe na muguka. Shosho sasa hatembei mbali. Alinipa kibuyu kikubwa kilichopasuka shingo na furushi la mkonge. Kibuyu nilikitoboa kwa msumari uliopashwa moto, matundu madogo madogo yanayozunguka, nikakiingizia balbu ya LED. Usiweke ile balbu ya zamani ya kupasha moto. Kibuyu kikikauka ni kuni. Usiku matundu yale yanamwaga nukta za mwanga kwenye Taifa Leo na unaweza kusoma neno moja moja.

Vitambaa ndivyo vilituletea ubishi. Nilitaka kuvitundika ukutani kwenye fremu. Mama akakataa katakata.

"Kitambaa ni cha kufunika kitu. Hicho cha ukutani kinafunika nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina jibu la kumtosha. Nilimwomba tu atoe sanduku lake lote tuchague. Alivitandaza kitandani, zaidi ya 40, na kwa kila kimoja akaniambia kilishonwa wapi. Hiki ni cha miezi aliyomuuguza shosho nyumbani, madaktari walipogoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Hiki ni cha foleni ya basari yangu. Alishona maua manane kabla ya kufika dirishani na kuambiwa arudi wiki ijayo. Hiki alikishona ndani ya matatu akinipeleka chuoni mara ya kwanza, ndiyo maana nyuzi za upande mmoja zimekaza kuliko za upande wa pili. Mimi nilikuwa nimevitazama maisha yangu yote kama pambo. Yeye alikuwa anasoma shajara.

Mwishowe alichagua vinne. Cha matatu alikikunja akakirudisha sandukuni, na sikumwuliza. Nikatengeneza fremu kwa mabanzi ya mukima, nikaweka kitambaa cheusi nyuma ili maua yaonekane. Kila fremu ina tarehe kwa penseli, na mahali.

Ukipita Makumbusho ya Meru, lile jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni, utaona vitu walivyotengeneza wazee wetu vimehifadhiwa vizuri na kuandikiwa maelezo. Napapenda. Lakini hunijia swali lilelile kila nikitoka: kwa nini kibuyu kipate chumba baada ya aliyekitengeneza kufa? Alipokuwa hai alikitengenezea wapi? Nje, chini ya mti, mtoto mgongoni, sufuria ikichemka.

Makala nilizoandikia wateja husema upambe chumba ili upate msukumo. Huo msukumo mimi sijauona. Kilichobadilika ni kingine. Majirani wakipita zamani waliniona kibarazani na laptopu wakasema yule binti aliacha shule anashinda kwa simu. Sasa wanachungulia, wanaona rafu, cherehani, fremu, mkeka, na wanauliza bei. Ukutani kila kitu ni mapambo na pia ni sampuli. Mikeka miwili ya kwanza ilinunuliwa na wanafunzi wa chuo cha jirani, hao hao ambao mmoja wao angekuwa mpangaji wetu. Walilipa 900 kila mmoja. Mmoja aliniuliza ninasomea nini. Nikamwambia nafanya kazi.

Na hiyo cherehani: ni ya kukanyaga, mama aliletewa alipoolewa, na kwa karibu miaka kumi ilikuwa meza ya televisheni, imefunikwa kitambaa kizuri kabisa. Tuliihamisha wanne. Televisheni ikakaa kwenye kreti. Mama aliitia mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasikiliza, akaongeza mafuta.

Kodi baba anaiandika kwenye daftari lilelile la hesabu za maziwa. Tumelipa miezi mitano. Miezi miwili ilitoka kwenye mikeka, mifuko ya vitenge na oda moja ya vitambaa vya harusi. Miwili niliijazia kwa pesa za uandishi. Mmoja baba aliandika "deni, 700" na akapigia mstari, na deni hilo bado lipo. Desemba haiko mbali. Hajasema kitu kuhusu mpangaji, lakini pia hajasema hatamleta, na wiki jana nilimwona akipima mlango kwa macho.

Jumamosi nilirudi kutoka mjini na mfuko wa nyuzi, nikazunguka nyuma, nikakuta stoo imefungwa kwa ndani. Cherehani ilikuwa inakwenda. Nina miaka 26, na mama nimemkuta siku zote jikoni, shambani, zizini, mahali ambapo yeyote anaweza kumwita na kumtuma. Nikaweka mfuko chini.

"Hodi," nikasema.

Cherehani haikusimama.

"Ngoja kidogo," akajibu. "Wacha nimalize mstari huu."