Kuku si wa Mgeni Peke Yake

Ndugu msomaji, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wengi wetu huitaja methali hiyo kwa kicheko, lakini ukiitafakari utaona kwamba inaeleza ukweli mchungu juu ya majiko yetu. Kuku huzunguka uani mwaka mzima, mayai huanguliwa, vifaranga hukua. Lakini mwenye nyumba na wanawe hawaionji nyama hiyo mpaka mtu wa mbali abishe hodi.

Mimi ni mtoto wa Laela, katika nyanda za juu za Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Kwetu chakula si haba. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na tangu zamani umetajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kila yanapozungumzwa maghala ya mahindi ya taifa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 49.8 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, na mtoto hakui! Sababu za udumavu ni nyingi, maradhi na maji machafu yakiwemo. Lakini mojawapo ni sahani yenye mlima wa ugali na kitoweo cha kuchovya tu.

Katika nyumba hiyo hiyo wamo wazee wetu. Mama yangu ana ugonjwa wa kisukari. Mganga alimshauri apunguze vyakula vya wanga, aongeze mboga, na asiache kula nyama, samaki au maharage kwa kiasi. Kwa mwanamke wa Kifipa aliyeinua matuta ya ntumba kwa jembe la mkono tangu usichana wake, shauri hilo lilikuwa zito. Kwake yeye, asiyekula ugali hajala. Amepitisha siku tu.

Inafaa tuelewane hapa, msomaji mpenzi. Ugali si sumu. Wanga tunaokula hugeuzwa na mwili kuwa sukari, nayo ndiyo nguvu ya kulimia. Lakini mwili wa mwenye kisukari hushindwa kuitumia sukari hiyo ipasavyo, ikarundikana katika damu, na kwa miaka ikaharibu macho, figo na miguu. Ndiyo maana kiasi cha wanga kina maana kubwa kwake. Wala asikate wanga ghafla kwa kusikia maneno ya jirani au ya gazeti. Anayetumia sindano za insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, aweza kuzimia sukari ikishuka mno. Azungumze kwanza na mganga wake.

Nilipokuwa nikitafuta chakula ambacho mama angekila bila kujiona anaadhibiwa, niliona kwamba watu wa Thailand, hasa wa kaskazini mashariki, pamoja na majirani zao wa Laos, wanacho chakula kiitwacho laab. Ni nyama iliyokatwakatwa, ikachanganywa na maji ya ndimu, pilipili, vitunguu, majani ya nana, na mchuzi wa chumvi utokanao na samaki wadogo waliovundikwa. Wenyewe hutia pia mchele uliokaangwa na kusagwa, kisha hula kwa wali wa kunata. Mimi niliuacha mchele, nikatia karanga, na badala ya mchuzi wao nikatumia dagaa wetu.

Huenda utauliza: Mfipa na Thailand wapi na wapi? Lakini mahindi, karanga na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika. Vilisambaa Afrika na Asia baada ya majahazi ya Wareno kuanza kuzunguka dunia. Kabla mahindi hayajashika nafasi, ugali wa Ufipa ulikuwa wa ulezi. Basi chungu cha babu zetu nacho kilipokea wageni.

Sasa tuingie jikoni. Kwa watu wanne, chukua minofu ya nusu kuku, robo ya kabichi, karoti mbili, kitunguu kimoja, tango kama lipo, ndimu mbili, pilipili moja, konzi mbili za karanga zilizokaangwa, na majani ya giligilani na nana. Ukikosa ndimu, limau litafaa. Chagua kuku mchanga. Jogoo mzee atakuchelewesha, labda umchemshe tangu jana yake.

Katakata minofu vipande vidogo, uichemshe kwa maji kidogo, chumvi na tangawizi iliyopondwa. Kwa kuku mchanga robo saa hutosha, lakini pasua kipande uhakikishe hakuna wekundu ndani. Wakati huo kaanga konzi ya dagaa wakavu bila mafuta, uondoe vichwa, uwatwange, kisha uwaloweke katika robo kikombe cha maji ya moto na kuchuja. Changanya maji hayo na maji ya ndimu na pilipili. Usitie sukari. Osha mboga kwa maji safi, uzikate nyembamba kama kachumbari. Chambua nyama, changanya vyote, mwagia mchuzi wako, na mwisho nyunyiza karanga zilizopondwa na majani. Kiliwe papo hapo, hakifai kulala.

Siku nilipokitengeneza Laela, mama aliona manyoya uani akaniuliza, "Nani amekuja?" Nikamjibu, "Hakuna aliyekuja, mama. Kuku huyu ni wako." Akanyamaza, akatazama barabarani kana kwamba mgeni amechelewa tu. Tulipoandaa chakula alitafuta ugali kwa macho. Nilimwekea tonge moja, dogo kuliko ngumi yake. Alikula kwa shaka, kisha akafunga kipande cha nyama ndani ya jani la kabichi kama afanyavyo kwa ugali, akala tena. Hakusifu. Alisema ndimu imezidi, na pilipili haitoshi. Kwa anayemfahamu mama yangu, hayo ni maneno ya mtu aliyekubali kuirudia sahani.

Sikudai, wala sidai leo, kwamba mlo huo ulimponya. Kisukari hutunzwa kwa dawa, kwa vipimo na kwa milo ya kila siku, si kwa sahani moja.

Mjukuu naye alikuwepo mezani. Kwake yeye hatukupunguza ugali, kwa maana mtoto anayekua anahitaji nguvu. Tulimtengea nyama na mboga bila pilipili, tukakata vidogo, na karanga zake tukazisaga kabisa, maana karanga nzima yaweza kumpalia mtoto mdogo. Hivyo kuku mmoja aliwafaa wawili wenye haja tofauti: bibi alipunguziwa wanga, na mjukuu aliongezewa kitoweo.

Mwaka 1975 taifa letu liliendesha kampeni ya "Chakula ni Uhai", watu wakakusanyika katika vikundi kando ya redio kujifunza lishe. Somo lile halijapitwa na wakati. Nakuomba, msomaji, leo jioni uhesabu kuku wako. Tenga wa kuuza, tenga wa mbegu, tenga wa mgeni; kisha tenga na wa nyumba yako, na firigisi isiwe ya baba daima. Mgeni akija, tutamkaribisha kwa moyo. Lakini na akute wenyeji wamekwisha kupona.