Mwangwi wa Mshipa

Neno mshipa limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili. Damu itokayo moyoni hupita kwenye mshipa, na irudiyo moyoni hupita kwenye mshipa; fahamu nazo zina mishipa yake, na ngiri pia wengine huiita mshipa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu hapa Uingereza kwamba upana huo ni utajiri, na bado naamini hivyo.

Mwanetu alizaliwa katika wiki ya 27. Kwetu wangemwita njiti, neno nilipendalo kwa ukweli wake na kuliogopa kwa sababu hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo alitiwa mrija kitovuni. Kitovu kilichokatwa huwa na matundu matatu: ateri mbili nyembamba na vena moja pana, ambayo kwa siku chache za mwanzo bado hupitika. Katheta, ambayo unene wake haufiki milimita 2, hupandishwa humo, ikapita kwenye ini, na ncha yake hutakiwa itue katika vena kuu ya chini, pale inapokaribia kuingia moyoni. Ikiishia ndani ya ini, dawa na lishe vyaweza kulijeruhi. Ikizama moyoni, yaweza kuvuruga mapigo, au hata kuufanya moyo uzingirwe na maji.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga. "Huo mrija, mwanangu, wameutia mshipa gani?" Nikamweleza kwa maneno mengi kuliko alivyotarajia. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo wamepita njia ile ile aliyokuwa akilishwa tumboni?" Ndiyo, Mama. "Basi anaijua."

Eksirei ya siku ya kwanza ilionyesha mstari mweupe kando ya uti wa mgongo. Daktari huhesabu pingili, kisha hukadiria, kwa kuwa picha hiyo huonyesha mifupa na mrija, si mshipa wenyewe. Tena ni picha ya mara moja, ilhali mtoto hujinyoosha, tumbo hujaa na kunywea, na mrija husogea.

Siku ya tatu ikaletwa altrasaundi. Mawimbi yenye mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, ambayo sikio letu haliyapati, yaliingia katika kifua kile kidogo na kurudi kama mwangwi. Vena ikaonekana kama mfereji mweusi, na ndani yake mistari miwili myeupe ikienda sambamba: kuta za mrija. Muuguzi akasukuma matone machache ya maji ya chumvi, na kwenye ncha vikachipuka vinukta vyeupe. Vilichipuka ndani ya moyo. Wakauvuta mrija milimita chache, macho yetu sote kwenye kioo, hadi vinukta vikachipukia nje ya mlango wa moyo. Mtoto hakuamka.

Kisha wakawasha rangi. Mgeni hudhani buluu ni damu chafu. La, ni mwelekeo tu, damu ikikijia kifaa au ikikikimbia, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842 alipokuwa akiwaza juu ya nyota.

Sisemi eksirei itupwe. Altrasaundi hutegemea mkono uishikao, na mkono huo hufunzwa kwa muda mrefu.

Baada ya wiki moja mrija ulitolewa. Daktari alirudi na kifaa chake, akitafuta donge la damu. Mfereji ulikuwa mweusi, pasipo doa.