Ahadi ya Kwanza

Msomaji mpenzi, niruhusu nikusimulie kosa langu moja, ili wewe usilirudie.

Mwaka 1967, BBC ya Uingereza ilionyesha katika televisheni mchezo wa sehemu 26 uitwao The Forsyte Saga, uliotokana na riwaya za John Galsworthy. Riwaya ya kwanza, The Man of Property, ilitoka mwaka 1906. Mimi niliutazama mchezo huo miaka mingi baadaye, kabla sijafungua kitabu. Soames, tajiri wa London, amemwoa Irene. Irene hampendi, moyo wake unamwelekea Bosinney, msanifu wa majengo, mchumba wa June aliye rafiki yake. Eric Porter, aliyeigiza Soames, alikuwa na uso uliojaa huzuni hata nikamhurumia. Nikamhukumu Irene papo hapo: msaliti!

Kisha nikakisoma kitabu. Humo Galsworthy hatuingizi moyoni mwa Irene. Twamwona kwa macho ya wengine tu, na kwa hiyo msomaji hana budi kusita na kufikiri. Hapo nikatambua jambo ambalo sikuwa nimelitia maanani. Kabla ya ndoa, Soames aliahidi kwamba wasipopatana atamwacha mkewe awe huru. Irene alipoidai ahadi hiyo alinyimwa. Soames alimhesabu mke kuwa mali, sawa na picha alizozikusanya, na mwishowe akajitwalia kwa nguvu alichokosa kwa hiari.

Nilipokifunga kitabu nilimkumbuka shangazi yangu, aliyeondoka kwa mumewe nilipokuwa mtoto. Ukoo mzima ulimlaumu, nami nilikua nikimkwepa njiani. Nilimwendea, nikamwamkia, nikaketi. Sikumwuliza alikosa nini; nilimwuliza aliahidiwa nini. Alinyamaza kitambo, akasema, “Mwanangu, wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza.” Tulizungumza hata jua likatua.

Sisemi kwamba usaliti ni jambo jema. June hakustahili kuumizwa. Wala sisemi kwamba televisheni ni adui wa kitabu, maana bila mchezo ule nisingalikitafuta. Lakini jicho ni hakimu mwenye haraka. Tazama, msomaji, kisha soma. Na kabla hujamhukumu aliyevunja ahadi, uliza ni ahadi gani iliyotangulia kuvunjwa.