Banda la Uani

Juma hili hatuna mas-ala ya fiqhi. Tuna banda.

Banda lenyewe lilisimamishwa uani na marehemu baba yetu: urefu futi 30, upana futi 15, nguzo na boriti za mkoko, paa la mabati. Hapana harusi wala hitima mtaani kwetu ambayo masufuria yake hayakutoka humo, na majamvi ya madrasa hulala humo pia. Mirathi ilipogawanywa, kiwanja kilikuwa mafungu matatu, mawili yetu na moja la dada yetu. Banda likawa letu, lakini mahali liliposimama pakawa pake. Tukamwahidi kuliondoa kabla ya masika. Yakapita masika mawili.

Udhuru wetu ulikuwa bei ya fundi. Tulimwita mmoja, akalizunguka banda mara mbili, akafukua chini ya nguzo moja, akatutajia shilingi 38,000. Tulicheka. Sisi tulikuwa na hesabu yetu: vijana 20 baada ya sala ya Ijumaa, sinia za pilau, bismillahi, na banda linanyanyuliwa zima zima na kusogezwa hatua 40. Utotoni tuliona vibanda vya makuti vikihamishwa hivyo, tena kwa vifijo.

Mwenzetu wa nyumbani alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Baba watoto, na mkono wa yule kijana?”

Hapo tulinyamaza. Miaka sita nyuma tulihamisha jiko la madrasa, kibanda kidogo tu, watu saba walikimudu. Pembe moja ilishuka kabla ya nyingine, bati likateleza na kumchana kiganja mwanafunzi wetu wa miaka 14. Alishonwa nyuzi tisa. Jioni mamake alikuja, nasi tukajitayarisha kulaumiwa. Hakutulaumu. Aliomba tu mwanawe asamehewe kuandika ubao mpaka mkono upone. Afadhali angalitulaumu. Na yule mtoto hatukuwa tumempa hata shilingi, sisi ambao kila mwaka tunasomesha mlango wa ujira.

Basi tulimwita fundi mara ya pili, safari hii ili tumsikilize. Akatuonyesha kwamba nguzo zimezikwa futi mbili na chini zimeliwa na mchwa. Vijana wakinyanyua, paa litakwenda na miguu itabaki. Kiunzi hakina mbao za mshazari, kwa hiyo kikiachana na ardhi kitalala upande. Pepo za Kusi zilikuwa zimekwisha kuanza, na paa la mabati mikononi mwa watu ni tanga. Boriti nazo si za kuchezea: tangu mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo, tumejua thamani ya boriti nzima. Mwisho akapiga mtaimbo chini, katikati ya njia ambayo vijana wetu 20 wangalipita. Palilia tupu. Ni shimo la choo cha zamani, ambalo sisi wenyewe tuliona likifunikwa, na halikutujia akilini hata mara moja.

Hatukuhitaji dalili nyingine. Yeye angefungua banda kipande kwa kipande, kila boriti na namba yake ya chaki, kisha alifunge upya. Sisi tungetoa vyombo na kusawazisha ardhi, kazi isiyotaka ustadi, naye akashuka mpaka shilingi 31,000. Mwenzetu alitoa 10,000 katika fedha zake za mchezo. Tuliziandika kuwa ni deni, ingawa alikunja uso. Mali yake ni yake.

Kisha tukaenda kwa dada yetu kumweleza siku. Tulikuwa tumepanga maneno mengi juu ya bei na mvua. Akasema, “Kaka, mimi sikuwa nikingoja banda liondoke. Nilikuwa nikingoja uje uniambie.” Tulirudi kwa miguu, polepole. Kwa kweli fedha hizo zingalipatikana mwaka wa kwanza. Lakini banda likiwa pale, ua ulikuwa bado wa baba, nasi hatukutaka kuwa wa kuufumua.

Fundi alianza Jumamosi kwa mabati. Nguzo moja haikutoka nzima, tukanunua nyingine. Siku ya nne banda lilikuwa limesimama upande wa kisima, na dada yetu alikuwa amekwisha kutandika kamba ya vyumba vyake viwili.

Masufuria yapo kama kawaida. Wenye harusi na hitima tunawaomba wapitie mlango wa nyuma, kwani ule wa mbele sasa ni wa dada yetu.