Jumba la Kentwell: Siku Moja Kati ya Watu wa Kale

Habari za wazee wa zamani sisi sote twazipenda. Tulizisikia kwa babu zetu kando ya moto, tukazisoma shuleni. Lakini kuziona kwa macho, watu wakipika, wakifua chuma na kusalimiana kama walivyofanya watu wa miaka 400 na zaidi iliyopita, jambo hilo hatukulitazamia kamwe. Tuliliona Uingereza, tulipokuwa huko kwa masomo mafupi, na leo twataka kuwasimulia.

Kijiji cha Long Melford kiko katika jimbo la Suffolk, kama kilometa 100 kutoka London, upande wa kaskazini-mashariki. Mwenyeji wetu alitushusha penye njia ndefu iliyonyoka, yenye miti mikubwa huku na huku, iliyopandwa mwaka 1678. Mwisho wa njia hiyo limesimama jumba la matofali mekundu, limezungukwa na handaki pana lenye maji na samaki. Ndilo Kentwell. Wenyewe wa zamani walikuwa jamaa ya Clopton, na sehemu kubwa ya jumba ilijengwa katika karne ya 16, wakati wa wafalme wa ukoo wa Tudor, waliotawala tangu 1485 hata 1603.

Tangu mwaka 1979 hufanyika hapo jambo la ajabu. Watu wa siku hizi, walimu, wauguzi, wanafunzi, wazee waliokwisha acha kazi, hata jamaa nzima pamoja na watoto, hukusanyika na kuishi kama watu wa wakati ule. Huchaguliwa mwaka mmoja katika ile ya Tudor, na wote hushika mwaka huo. Huvaa nguo za sufu na kitani za namna ya kale, husema Kiingereza cha kale, na ukiwauliza habari za motokari au za ndege, wanakushangaa tu. Siku ile tuliambiwa kwamba anayetawala ni Malkia Elizabeth.

Basi tukaingia. Katika nyumba ya zamani iliyo kando ya handaki, wanawake walikuwa wakioka mikate. Walikuwa wamewasha kuni ndani ya tanuru mpaka matofali yakawa na moto mkali. Kisha wakaondoa majivu, wakatia mikate na kuziba mlango. Mikate iliiva kwa moto uliobaki katika matofali. Karibu nao msichana mmoja alikuwa akisukasuka maziwa apate siagi, mashavu yake mekundu kwa kazi. Nje tuliona mhunzi na mivukuto yake, mzee mmoja akisokota nyuzi za sufu, na vyungu vya rangi zilizopatikana katika mimea: nyekundu kutoka mizizi, samawati kutoka majani. Tulijisikia kama tuko nyumbani, maana kazi hizo mama zetu wazijua. Tulipouliza kama wana viazi ulaya au nyanya, mpishi alicheka: maneno hayo hakuyajua! Kweli, vyakula hivyo vilitoka Amerika, wala watu wa kawaida wa Uingereza hawakuvila wakati ule. Hata mihogo na mahindi yetu sisi yalitoka huko huko Amerika, yakaletwa Afrika na merikebu za Wareno.

Ndipo tukauliza neno moja, kwa moyo mweupe tu. Tulimwambia yule mama wa tanuru: «Mama, leo Padri atasoma Misa saa ngapi?» Mara akanyamaza. Akatazama nyuma yake, akafuta mikono, akajibu kwa sauti ndogo: «Bwana mgeni, neno hilo usiliseme hapa. Kuta zina masikio.» Kisha akarudia unga wake. Tulijua ni mchezo; lakini moyo wetu ulishtuka, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa mchezo.

Mwaka 1534 Mfalme Henry VIII alijitenga na Baba Mtakatifu, na kati ya 1536 na 1540 nyumba za watawa zilifungwa zote. Malkia Mary alirudisha nchi katika umoja na Roma mwaka 1554; lakini yafaa tuseme kweli yote: katika utawala wake Waprotestanti karibu 280 walichomwa moto, na damu hiyo haikuleta amani. Chini ya Elizabeth zamu ikageuka. Sheria ya 1581 ilimtoza kila aliyekataa kwenda katika kanisa la serikali paundi 20 kwa mwezi, fedha ambayo kibarua hakuipata hata kwa mwaka mzima. Sheria ya 1585 ilisema padri aliyepewa daraja ng'ambo akikamatwa nchini auawe, na anayemficha vilevile.

Jioni tulikwenda kwa miguu mpaka kanisa la Utatu Mtakatifu la Long Melford. Leo ni kanisa la Waanglikana, lakini lilijengwa na Wakatoliki wa karne ya 15, matajiri wa nguo za sufu. Nje, juu ya kuta zake, yamechongwa majina ya waliolijenga, na ombi kwamba watu waziombee roho zao. Mawe hayo yangali yanaomba. Ndani mna mchongo wa Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu. Ulikutwa chini ya sakafu katika karne ya 18. Bila shaka mtu aliuzika apate kuuokoa.

Katika kijiji hicho aliishi Roger Martin, aliyefariki mwaka 1615. Alikuwa mtoto wakati mambo ya zamani yalipokuwa hayajageuzwa, wala hakuiacha imani ya wazazi wake. Alipokuwa mzee alitwaa kalamu, akaandika yote aliyoyakumbuka: altare zilivyokuwa, maandamano ya Sakramenti Takatifu, matawi ya Mitende, hata moto uliowashwa usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, maskini wakipewa mkate na pombe. Nyumbani kwake aliweka sanamu ya Bwana Msalabani kati ya wanyang'anyi wawili, akitumaini kwamba warithi wake wataitengeneza na kuirudisha kanisani siku moja. Hakuiona siku hiyo. Lakini maandiko yake yapo, na kwa ajili yake twajua.

Na sisi je? Wakati Henry alipokuwa akitawala Uingereza, Mfalme Afonso wa Kongo alikuwa akiomba mapadri kwa ajili ya watu wake, na mwaka 1518 Papa Leo X alimteua mwanawe, Henrique, kuwa askofu. Tunalo la kukumbuka! Lakini twakiri kosa letu. Babu yetu alikuwa katekista miaka mingi. Alivuka mito kwa miguu akifundisha sala. Mara ngapi alituita tukae tumsikilize, tukajibu: «Kesho, babu»? Alipozikwa, tulikuwa hatujaandika hata ukurasa mmoja. Sisi, tuliofundishwa kuandika!

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi, Waingereza wale wanahangaika kushona nguo na kujifunza maneno ya watu waliokufa zamani, wapate kuwasikia tena. Wazee wetu wangali hai, wameketi barazani. Jumapili hii, baada ya Misa, chukueni daftari na kalamu, mwende kwao. Ulizeni nani alileta imani kijijini, kanisa la kwanza lilikuwa la majani au la udongo, nani alibatizwa kwanza. Andikeni jina na mwaka, wala msiseme «kesho».